Pole kwa Kifo Chako

Si zamani sana, wala si mbali sana, palikuwa na nchi ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa yenyewe ilipenda kutaja majina ya watu lakini haikupenda kutajwa. Nchi hiyo ilikuwa na barabara mbovu na macho mazuri. Macho yenyewe yalinunuliwa ng'ambo, yakaja yamefungwa ndani ya maranda kama mayai, na kila moja likatundikwa juu ya mlingoti mweupe ili kuwatazama madereva. Walikuwapo watu wakorofi waliouliza kwa nini mashimo yasizibwe kwanza. Waziri wa Mwendo aliwajibu vizuri sana. Alisema shimo ni suala la gari, bali jicho ni suala la taifa, na wakorofi wakaenda zao.

Kazi ya Macho ilikuwa nyepesi. Yalisoma kibao cha namba cha kila gari lililopita, yakajua ni la nani, limetoka wapi na linakwenda wapi, halafu mwenye gari akaletewa ujumbe kwenye simu. Aliyekimbia alipigwa faini ya kukimbia. Aliyekwenda polepole alipigwa faini ya kusitasita. Aliyekwenda sawasawa kabisa alipewa onyo, maana mtu haendi sawasawa namna hiyo ila kama anajua anatazamwa, na anayejua anatazamwa lazima ana lake jambo. Baadaye wataalamu wa Mamlaka ya Macho waligundua kwamba hata sura ya dereva inaonekana, ndipo likatungwa kosa la uso. Uso wa mashaka, ilisema sheria, ni dalili ya kosa ambalo bado halijapata nafasi ya kutendeka.

Kwa hiyo madereva wa nchi ile walijifunza kucheka. Dereva akiuona mlingoti mweupe, hata kama anagombana na mkewe, hata kama jino linamuuma, alitoa meno yote nje mpaka mlingoti upite, kisha akayarudisha ndani na kuendelea na ugomvi wake. Wageni waliotembelea nchi hiyo waliandika kwao kwamba hawajapata kuona madereva wenye furaha kiasi kile.

Miongoni mwa madereva hao alikuwamo Mwinjuma, na kazi yake haikupatana na kucheka. Aliendesha gari la chama cha kufa na kuzikana cha mtaa wa Vibandani, pikapu kuukuu yenye turubai la kijani, na namba yake iliandikishwa kwa jina lake kwa sababu chama hakikuwa na jina serikalini. Maiti wote wa mtaa walisafiri na gari hilo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika. Mwinjuma alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye sura ya mtu aliyekatizwa usingizi maisha yake yote. Aliishi na mama yake, Bi Mgeni, ambaye miguu yake ilikuwa imezeeka lakini ulimi ulikuwa bado kigori. Bi Mgeni alikuwa mwanachama wa kwanza wa chama. Sanda yake aliinunua mwenyewe zamani, akaiweka chini ya kiti cha mbele cha pikapu, kwa sababu hakuwaamini watu katika kuchagua kitambaa.

Sasa, maiti haendeshwi mbio. Kwa hiyo kila aliyezikwa Vibandani alimwachia Mwinjuma faini ya kusitasita. Hiyo aliizoea. Kilichomchosha ni meno. Siku moja alikuwa amembeba bwana mmoja wa makamo, na kaka wa marehemu ameketi mbele pamoja naye, analia. Mlingoti ukatokea. Mwinjuma akacheka.

"Wewe!" kaka wa marehemu alisema. "Unamchekea maiti wetu?"

"Sicheki, bwana wangu," alijibu Mwinjuma, meno yote yako nje. "Natazamwa."

Yule bwana akautazama mlingoti, akafuta machozi, na yeye akacheka. Waliokuwa nyuma na jeneza waliyaona hayo kupitia kioo kidogo, na habari zilienea msibani kwamba marehemu na kaka yake hawakuwa wakipendana.

Makaburi ya mji yaliitwa Kwa Shangwe, kwa jina la mzee aliyetoa kiwanja. Barabara ya kwendea huko ndiyo pekee iliyokuwa na lami isiyo na shimo, maana Mheshimiwa mmoja alizikwa huko na haikufaa atikiswe. Kwa kuwa lami ilikuwa nzuri, picha nazo zilitoka nzuri, na Mamlaka ikaweka hapo jicho bora kuliko yote, linalotazama wanaokwenda. Mbele kidogo uliwekwa mlingoti wa pili, wa kutazama wanaorudi, lakini huo ulikuwa bado umefunikwa gunia. Ulisubiri kuzinduliwa, na mzinduzi alikuwa safarini.

Watu wa Vibandani hawakulijali gunia, kwa kuwa wao hawakurudi kwa njia hiyo. Mila yao ilikataza. Aliyekwenda kuzika harudi kwa njia aliyoendea, kwa sababu kifo kikishaijua njia ya kwako kitakufuata mpaka mlangoni, na kikifika mlangoni hakina haya ya kupiga hodi. Walipomaliza kuzika walizunguka nyuma ya makaburi, wakashika njia ya chumvi, njia ya vumbi inayokatiza mashamba ya chumvi mpaka kutokea uani kwa mtaa. Huko hapakuwa na mlingoti, wala lami, wala Mheshimiwa. Mwinjuma aliipenda njia ile, kwani ndipo mahali pekee aliponuna kwa raha.

Asubuhi moja, akinywa chai, simu ililia. Ujumbe ulisema: "Ndugu Mwinjuma, Mamlaka ya Macho ya Barabarani inakupa pole kwa kifo chako."

Alimsomea mama yake, aliyekuwa ameketi mkekani anasuka ukili.

"Wamekupa pole," alisema Bi Mgeni. "Wajibu."

"Lakini mama, sijafa."

"Kwani nimekuuliza? Nimekulea mimi uachie pole ya mtu ining'inie hewani? Adabu kwanza, baba. Mengine mtaelewana mbele ya safari."

Basi Mwinjuma, ambaye alikuwa na umri wa kuwa babu lakini hakuwahi kumshinda mama yake kwa maneno, akaandika: "Ahsante, nimeshapoa." Kisha akavaa viatu, akaenda Mamlaka.

Alipokelewa na Bi Sikudhani, Afisa wa Waliotutoka, mama mnene mwenye sauti ya upole ambaye kwa kazi yake alivaa nyeusi siku zote.

"Karibu, marehemu, keti," alisema.

"Dada yangu, mimi si marehemu. Nimekuja hapa kwa miguu yangu."

"Kwa miguu, ndiyo. Ungekuja kwa gari tungekuwa na la kuzungumza." Aligeuza kioo cha kompyuta ili mgeni naye aone. "Gari lako limekwenda Kwa Shangwe mara nyingi mno, na halijaonekana likirudi hata mara moja. Sasa nisaidie wewe mwenyewe. Mtu anayekwenda makaburini asirudi, kwenu Vibandani mnamwitaje?"

Mwinjuma alifikiri. Alikuwa mtu mkweli.

"Tunamwita marehemu," alisema.

"Ahsante."

"Lakini dada, hiyo ni mila tu. Huwa narudi kwa njia ya chumvi, ili kifo kisinifuate."

"Ukakikimbia, na kimekupata. Pole sana."

"Na kama ningerudi kwa barabara ya lami, jicho lingeniona?"

"Lingekuonaje na gunia? Anayesubiriwa kulizindua bado hajafika."

"Kwa hiyo hata wanaorudi kwa lami wamekufa?"

"Hao tunawashughulikia kwa zamu," alisema Bi Sikudhani. "Tena wewe una bahati, faili lako halina utata. Tulikuandikia kukupa pole, na marehemu mwenyewe amejibu kwamba ameshapoa. Wengi hawajibu."

Mwinjuma alirudi nyumbani amechoka, akamweleza mama yake kwamba serikali imemzika. Bi Mgeni aliuliza kama imetoa hata sanda. Aliposikia haikutoa, alisema basi hiyo si maziko, ni maneno, akaendelea kusuka.

Wiki zilipita, misiba ikaja, na Mwinjuma akaendelea kuendesha. Taratibu akaanza kuona jambo la ajabu. Simu yake ilikuwa kimya. Alikwenda polepole, hakuletewa faini ya kusitasita. Akajaribu kupita mlingoti bila kucheka, na hakuletewa chochote. Marehemu hapigwi faini. Sheria ya nchi ile ilikuwa na mambo mengi, lakini faini ya marehemu haikuwamo.

Wa kwanza kulipata hilo sikioni alikuwa Chande, jirani yake, dereva wa teksi. Chande alizaliwa na paji la uso lililokunjamana. Hata akiwa na furaha alifanana na mtu aliyesahau jiko linawaka. Kwa paji hilo alipigwa faini ya uso kwenye kila mlingoti, na teksi yake ilikuwa ikiifanyia kazi Mamlaka kuliko ilivyowafanyia kazi wanawe.

"Kaka Mwinjuma," alisema, amemvuta pembeni, "hebu niambie ukweli. Tangu ufe, umeletewa faini?"

"Hata moja."

Chande alimtazama kama mwenye njaa anavyoitazama sinia ya pilau ya harusi ya jirani.

"Nani anazikwa kesho?" aliuliza.

Aliyezikwa kesho yake alikuwa mzee muuza mkaa, mtu wa watu wote lakini asiye na ndugu, ambaye majirani walihofia atakosa wa kumtia kaburini. Hofu yao ilikuwa ya bure. Nyuma ya pikapu ya Mwinjuma zilikuja teksi, malori ya mchanga, gari la maziwa na basi la shule, na wote wakarudi kwa njia ya chumvi. Watu wa mtaani walishangaa ukoo huu mkubwa ulikuwa wapi wakati mzee anajipikia uji peke yake. Toka siku hiyo hakuzikwa mtu kwa upweke katika mji ule. Madereva walisikiliza matangazo ya vifo kwa makini zaidi kuliko mpira. Palipokuwa hakuna msiba walisononeka kwa dhati, na mzee yeyote aliyekohoa alijuliwa hali na watu asiowafahamu.

Zilipofika habari hizo Wizarani, Waziri wa Mwendo aliita waandishi.

"Ndugu wananchi," alisema, "leo nchi yetu imeandika historia. Makosa ya barabarani yamekwisha. Uchunguzi wa Mamlaka umeonyesha kwamba wakosaji wote wamefariki dunia, na wamefariki kwa kufuata utaratibu. Kuna mataifa makubwa yametumia fedha nyingi kuelimisha madereva. Sisi tumefika mbali zaidi."

Alipigiwa makofi, akapewa nishani, akaivaa siku hiyo hiyo.

Mambo yangeendelea hivyo, na pengine hadi leo ningekuwa nacheka pamoja nanyi, kama Bi Mgeni asingeanza kubanwa na kifua.

Ilikuwa asubuhi. Alishindwa kumaliza sentensi, na Bi Mgeni hakuwa mtu wa kuachia sentensi njiani. Mwinjuma aliogopa. Akaleta pikapu mlangoni, akataka kumlaza nyuma kwenye godoro.

"Nyuma?" mama yake alisema, akivuta pumzi. "Zamu yangu ya nyuma bado. Nipandishe mbele."

Akampandisha mbele, akamfunga mkanda, wakaenda Hospitali Kuu. Langoni palikuwa na kizuizi kilichosoma kibao cha namba na kujifungua chenyewe. Kilisoma, kikatulia. Mlinzi alikuja, kijana mwenye macho mekundu kwa kukesha.

"Mzee wangu, kinasema wewe ni marehemu."

"Mgonjwa ni mama, si mimi."

"Mama ameletwa na nani?"

"Nami."

"Ndiyo hapo sasa," alisema mlinzi, naye hakuwa mtu mbaya. "Mtu aliyeletwa na marehemu, ndani huko watamtibu nini? Watasema apelekwe upande wa pili."

"Basi nimbebe mgongoni, nipite naye mlango mdogo."

"Mgonjwa anaandikishwa kwa namba ya gari. Aliyekuja bila gari anahesabiwa amekuja kutembea. Nikikiinua kwa mkono kitapiga kelele, na mimi kesho sina kazi. Tafuta gari la mtu aliye hai, mzee wangu. Nakuomba."

Mwinjuma alitazama huku na huku barabarani. Teksi zote zilizopita alizijua, na zote zilikuwa za marehemu. Nyingi alizizika mwenyewe. Waliobaki hai mjini ni Waheshimiwa, na magari yao ya vioo vyeusi yalipita kasi bila kibao chochote, kwa kuwa Macho hayakuruhusiwa kuyaona. Aliwapungia mkono. Hakusimama mtu. Mlinzi akamletea Bi Mgeni maji kwenye kikombe chake mwenyewe, akasema amesikia huko Mamlaka siku hizi kuna utaratibu wa kufufuka.

Ni kweli ulikuwapo. Mamlaka ilikuwa imegundua kwamba mishahara yake ilitoka kwenye faini, na wafu hawakuwa wakichangia. Wafu nao walikuwa wamechoka kukataliwa na kila kizuizi kinachosoma namba. Bi Sikudhani alivaa tena nguo za rangi, na cheo chake sasa kilikuwa Afisa wa Wanaorejea.

"Ni rahisi sana, marehemu," alimweleza Mwinjuma. "Jicho lilikuona ukienda. Sasa inabidi likuone usiende. Unaingia mpaka lango la makaburi, halafu unarudi rivasi, uso wako ukilielekea jicho, polepole, hadi njia panda. Usigeuze gari kabla ya njia panda. Ukigeuza, ndani ya mashine inakuwa umekufa mara mbili, na hiyo idara yake bado haijaundwa."

"Dada yangu, mama yumo ndani ya gari. Hapumui vizuri. Niandikie hata kijibarua cha kuoneshea hospitali, nitakuja kufufuka baadaye."

Bi Sikudhani alitazama chini. Alikuwa na mama yeye pia.

"Nikuandikie kwa jina la nani?" alisema. "Wewe hupo. Wahi foleni, kaka yangu. Na ukifika kwenye jicho, ucheke. Aliyefufuka akiwa amenuna hawamkubali."

Mwinjuma alirudi kwenye gari, akaweka mikono juu ya usukani. Alikuwa na jambo zito la kumwambia mama yake.

"Mama, itabidi twende Kwa Shangwe, halafu turudi kwa njia ile ile ya kwendea. Hakuna namna. Nisamehe."

Bi Mgeni alimgeukia.

"Tukirudi, uso utaelekea wapi?"

"Makaburini. Tunarudi rivasi."

"Basi hatujarudi," alisema Bi Mgeni. "Kifo kikitutazama kitaona nyuso zetu. Kitasema, hawa si wanakuja wenyewe? Niwafuatie nini?" Akacheka mpaka kifua kikamkamata, na Mwinjuma akamshika bega mpaka kikamwachia. "Serikali yenu imepata akili bila kujua. Haya, endesha."

Foleni waliyoikuta pengine haijawahi kuonekana katika nchi nyingine yoyote. Toka lango la makaburi, kupita chini ya jicho, hadi karibu na njia panda, magari yote yalikuwa yakirudi kinyumenyume kwa mwendo wa kobe, madereva shingo zimepinda, pua za magari zote zimeelekea makaburini. Chande alikuwa mbele ya Mwinjuma kwenye zamu, yaani alikuwa nyuma yake barabarani. Wachuuzi wa karanga walipita katikati. Mwinjuma aliomba apishwe kwa ajili ya mgonjwa, na kila mtu alikubali, ila hapakuwa na pa kupitia. Upande mmoja ni mtaro, upande mwingine ni magari yaliyokuwa yakiingia kuchukua zamu, kisha ukuta wa kumbukumbu ya Mheshimiwa.

"Hawa wote wamefiwa?" Bi Mgeni aliuliza, akiwatazama.

"Hapana, mama. Wamekufa."

"Ndiyo maana wamenuna."

Jua likapanda. Mwinjuma alimpepea kwa kipande cha boksi, akarudi hatua, akasimama, akampepea. Bi Mgeni aliegemeza kichwa dirishani. Walipoufikia mlingoti wa pili, ule wenye gunia, aliutazama kwa makini ya mtu aliyewahi kuwa na genge.

"Gunia lile zuri," alisema. "Lingefaa la mkaa."

"Ndiyo, mama."

"Ukifika kwenye jicho ucheke vizuri. Usiniangalie mimi."

Mwinjuma hakumwangalia. Jicho lilipowaelekea alilikazia macho, akatoa meno yote, ya juu na ya chini, akacheka kama alivyoagizwa na mama yake na serikali, huku pikapu ikirudi taratibu. Simu ikalia. "Hongera, ndugu mwananchi! Umefufuka. Faini zako za zamani zitakufikia hivi punde."

"Mama, tumepita," alisema, akageuka, meno bado yako nje.

Alikuwa amebeba maiti wa Vibandani kwa miaka mingi, hakuhitaji kuambiwa. Kichwa cha Bi Mgeni kilikuwa bado dirishani, mkono mmoja umelala mapajani, kanga imemshuka begani. Mwinjuma alitaka kuufunga mdomo wake mwenyewe, nao ukakataa kufungika. Meno yalikuwa yamezoea. Aliufunga kwa mkono, kisha akampandisha mama yake kanga.

Nyuma yake Chande alikuwa ameshuka kwenye teksi, anakuja mbio.

"Kaka, tumefufuka! Njia panda si ile pale? Geuza, hospitali iko..." Alifika dirishani, akaona. Paji lake la uso lilikunjamana, na safari hii lilikuwa na haki.

"Hakuna haja ya kugeuza," alisema Mwinjuma.

Na kweli haikuwapo. Gari lilikuwa limeshaelekea Kwa Shangwe. Sanda ilikuwa chini ya kiti. Banda la kuoshea lililojengwa na chama lilikuwa pale makaburini, na kina mama wa Vibandani wakipigiwa simu wangefika mapema. Alichotakiwa kufanya ni kutoa gia ya rivasi na kuweka namba moja. Hakumhamishia mama yake nyuma. Alimwacha mbele, mahali alipotaka.

Akawasha taa, kama wanavyofanya watu wenye msiba, akaanza kwenda mbele.

Waliokuwa bado kwenye foleni, wale ambao zamu yao ya kufufuka ilikuwa karibu sana, walimwona akija na taa mchana kweupe, na bibi ameegemea dirisha. Hawakuuliza. Mmoja akatoa rivasi, akawasha taa, akasogea mbele. Wa pili akafuata, na gari la maziwa, na basi la shule, foleni nzima ikaacha zamu yake ikaanza kutangulia makaburini. Chande alirudi kwenye teksi yake. Alikuwa ameshavuka, alikuwa mtu hai mwenye haki zote, na njia panda aliiona kwa macho yake. Akawasha taa, akamfuata Mwinjuma, na waliokuwa nyuma ya Chande wakamfuata Chande. Hao wote waliokwisha kuvuka walipita tena chini ya jicho, polepole, na hapakuwa na hata mmoja aliyecheka. Mwinjuma alikuwa analia, na hakujificha.

Jioni ile Waziri wa Mwendo alitangaza kwamba mji umepatwa na vifo vingi kwa mkupuo, vyote vikiwa na kosa la uso, lakini wananchi wasiwe na wasiwasi kwa kuwa picha zimetoka nzuri. Akaahidi kwamba gunia litaondolewa mara tu atakapopatikana wa kuliondoa.

Bi Mgeni alikuwa ameshazikwa. Alizikwa na watu wengi kuliko Mheshimiwa wa lami, na safari hii hapakuwa na aliyekuja kwa ajili ya kitu kingine. Walipomaliza hawakuulizana njia. Walizunguka nyuma ya makaburi wakashika njia ya chumvi, gari nyuma ya gari, vumbi jeupe likiwafunika hata vibao vya namba havikusomeka.

Mwinjuma alifika nyumbani, akaketi mkekani kando ya ukili uliokuwa haujakamilika. Simu ikalia. Akaifungua kwa uchovu.

"Ndugu Mwinjuma, Mamlaka ya Macho ya Barabarani inakupa pole kwa kifo chako."

Aliisoma mara mbili. Katika serikali nzima hakuna mwingine aliyempa pole siku ile, na yeye alikuwa amelelewa na Bi Mgeni, hakuweza kuiacha ining'inie hewani. Akafuta mikono kwenye shati, akaandika: "Ahsante. Sijapoa."